Valium, lutuku na mushituko: kidonge cha kutuliza kinagusa woga gani?

Hapa Kolwezi, mugodi ukipasua majiwe kwa baruti, madirisha yanatetemeka, watu wanashituka, kisha kila mutu anaendelea na kazi yake. Lakini kuko watu wenye hawaendelee. Mutu anaruka kwenye kiti, moyo unapiga mbio, jasho inatoka, na nusu saa kisha mikono ingali inatetemeka. Upepo ukifunga mulango kwa nguvu, ni vilevile. Pikipiki ikilia «paa» kwenye barabara ya Mutoshi, ni vilevile. Wengi wao wanajua njia moja tu ya kujisaidia: Valium, yenye wananunua kwenye farmasi bila karatasi ya munganga, ao hata moja moja kwa muuzaji wa barabarani.

Sasa ile kidonge inafanya nini juu ya kushituka? Ukiuliza muuzaji, atakuambia inatuliza mishipa, basi. Wachunguzi wamelipima hili jambo kwa miaka mingi, na jibu yao haiko «inasaidia» wala «haisaidie». Kidonge kinagusa woga wa aina moja na kinaacha ule mwingine. Na ule wenye kinagusa, njo ule wenye unamutesa zaidi mutu mwenye trauma. Ungefikiri basi ni dawa yake kabisa. Lakini OMS, Shirika la Afya la Ulimwengu, inakataza kuitoa kwa watu wenye wametoka kupatwa na mambo ya kutisha. Hapo njo kuko jambo la kueleza.

Kushituka haiko ugonjwa

Kila mutu anashituka, hata mutoto wa siku mbili. Sauti kubwa inaingia kwenye sikio, inapita chini ya ubongo, pale ubongo unaungana na shingo, na kutoka hapo amri inaenda moja kwa moja kwenye misuli. Njia ni fupi sana. Macho yanafunga kabla hata sehemu ya kumi ya sekonde kuisha. Mabega yanapanda, shingo inaingia, na wewe ungali haujajua ni nini imelia. Haiko kuchagua, haiko uoga wa tabia. Ile watu wanasemaka, «wewe ni mwanaume, unaogopa nini», haina maana hapa. Mwanaume na macho yake yanafunga.

Kile chenye kinabadilika ni nguvu ya mushituko. Ndani ya ubongo kuko sehemu ndogo, yenye ukubwa wa kokwa, inaitwa amigidala. Kazi yake ni kama ile kifungo chenye sisi watu wa radio tunashika kila siku: kuongeza sauti na kupunguza. Ukiwa umetulia nyumbani, kifungo kiko chini, mulango ukilia unafunga macho na inaisha. Ukiwa na woga, kifungo kinapanda, na ule mulango uleule unakurusha juu.

Wachunguzi walitafuta namna ya kupima kile kifungo bila kumuuliza mutu maneno, juu maneno yanaweza kudanganya. Wanabandika vipande viwili vidogo vya kupima umeme chini ya jicho, wanamuvalisha mutu visikilizio, kisha wanapiga sauti fupi ya nguvu bila kumuambia. Mashine inaandika kope imefunga kwa nguvu gani. Ni hiyo tu. Kwa panya, wanapima namna inaruka. Mwanzoni, Michael Davis, muchunguzi wa Marekani, alifundisha panya kwamba taa ikiwaka, umeme kidogo utakuja kwenye miguu. Kisha hapo, kila mara taa inawaka, panya ilikuwa inaruka zaidi ikisikia sauti. Katika mwaka wa 1979 Davis alionyesha kwamba diazepamu, yaani dawa yenye iko ndani ya Valium, inapunguza ule muruko wa kuongezewa na woga.

Wengi wangesimama pale: dawa inapunguza woga, mambo yameisha. Lakini mutu haiko panya.

Nyoka yenye unaona, na nyoka yenye haujue iko wapi

Tuseme umeinua jiwe na nyoka iko mbele yako. Unaruka, unakimbia, unaita jirani. Nyoka ikiuawa, inaisha. Sasa tuseme wamekuambia kuko nyoka ndani ya nyumba, hawajui iko chumba gani, na SNEL imekata umeme. Usiku mzima haulale. Nguo ikianguka unashituka. Panya ikipita unashituka. Hakuna kitu umeona, lakini mwili wako uko tayari kila dakika.

Zile ni hali mbili, na ubongo hauzifanye kwa njia moja. Ya kwanza tutaiita hapa woga: kitu kinajulikana, kinakuja, kinapita. Ya pili tutaiita wasiwasi: kitu kinaweza kuja saa yoyote, haujue saa. Christian Grillon, muchunguzi wa taasisi ya serikali ya Marekani ya afya ya akili, alitengeneza na wenzake majaribio ya kuzitenganisha. Mara moja wanamuambia mutu: umeme kidogo kwenye mukono utakuja tu wakati alama hii inaonekana. Mara ingine wanamuambia: utakuja wakati wowote. Na pale katikati wanapiga zile sauti na kupima kope.

Katika mwaka wa 1998, Grillon na wenzake walichapisha matokeo ya waaskari wa zamani wa Marekani, wenye walipigana vita vya Vietnam na walibaki na trauma. (Kwenye karatasi ya munganga utaona herufi ESPT ao TSPT, ni jambo lilelile.) Watu wengi walifikiri waaskari hao watashituka kupita wengine wakati ile alama ya hatari inaonekana. Haikukuwa vile. Walishituka zaidi wakati wote wa kukaa ndani ya chumba chenye wanajua kuko hatari, hata alama haiko. Na walipozimiwa taa, mushituko wao ulipanda kupita wa waaskari wenzao wenye hawakukuwa na trauma. Sisi wenye tunapita masiku bila umeme, hiyo haitushangaze sana.

Kwa hiyo, kwa mutu mwenye trauma, shida kubwa haiko kitu chenyewe. Shida ni kungojea kitu. Mwili unalala kwenye nyumba yenye nyoka, kila usiku, hata kama nyoka ilikufa zamani.

Muji wetu unazijua sababu za kungojea vile. Kuko wazee wenye walikuwa hapa tarehe 13 Mei 1978, wakati wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi, na tarehe 19 wakati waparashuti wa Ufaransa walianguka kutoka mbinguni. Kuko wenye walikimbia Kivu na Tanganyika na kufuata kazi huku. Kuko familia za wachimbaji wenye walifunikwa na udongo kwenye machimbo ya KOV mwezi wa Juni 2019. Na haiko mbali tangu tarehe 15 Novemba 2025, pale Kalando, upande wa Mulondo: daraja la miti lilivunjika chini ya watu wenye walikuwa wanakimbia, na wakubwa wa jimbo walitangaza kwamba watu 32 angalau walikufa. Ripoti ya SAEMAPE ilisema milio ya risasi njo ilitia watu woga wakakimbilia pamoja. Mutu mwenye alitoka muzima pale, kisha anasikia baruti ya mugodi asubui, mwili wake hautaulize ni baruti ao ni risasi.

Kidonge kinashika wapi

Valium haiko peke yake. Iko katika jamaa ya dawa zinaitwa benzodiazepini. Ya kwanza, Librium, iliingia kwenye soko mwaka wa 1960, Valium ikafuata mwaka wa 1963, na zote mbili zilitoka kwa Leo Sternbach, mukemia wa kampuni Roche. Kwenye karton, majina mengi ya jamaa hii yanaishia na «pam» ao «lam»: diazepam, bromazepam, lorazepam, alprazolam. Ubongo uko na kemikali yake ya kufunga breki, inaitwa GABA. Dawa hizi zinaongeza nguvu ya ile breki. Ndiyo maana mutu anatulia, analegea misuli, anasinzia, na pia anasahau.

Grillon na wenzake walipima alprazolamu kwa watu wazima wasio na ugonjwa na wakachapisha mwaka wa 2006. Dawa ilishusha mushituko wa wasiwasi, ule wa kungojea bila kujua saa. Lakini mushituko wa woga, wakati alama ya hatari iko mbele ya macho, ulibaki palepale. Kwa maneno yetu: kidonge kinakufanya ulale kwenye nyumba yenye nyoka, lakini nyoka ikitokea utaruka kama vile haukumeza kitu.

Sasa sikia ingine, juu inatugusa. Katika mwaka wa 2009, wachunguzi wawili wa chuo kikuu cha Wisconsin, Moberg na Curtin, walifanya jaribio la namna ileile, lakini pahali pa kidonge walitoa pombe. Matokeo yalifanana: pombe ilipunguza zaidi mushituko wa wasiwasi, na haikugusa vile ule wa woga. Kwa hiyo kijana mwenye anatoka shimoni na kupita kwanza kwa mama muuza lutuku, na yule mwenye anameza Valium kila mangaribi, wanatafuta kitu kimoja. Mimi ninafikiri tunawalaumu haraka. Hawatafute kulewa tu. Wanatafuta masaa matatu, ine, yenye mwili haungojee kitu.

Lakini pale wanachanganya vyote viwili, tuseme wazi: breki juu ya breki. Pombe na benzodiazepini pamoja zinaweza kupunguza pumzi mupaka mutu asiamke. Tramadol na Valium pamoja, vilevile, na hiyo ni muchanganyiko wenye wachimbaji wanajua.

Kwa nini basi OMS inakataa

Ikiwa ugonjwa ni wasiwasi, na kidonge kinashusha wasiwasi, kwa nini mwongozo wa OMS wa mwaka wa 2013 juu ya magonjwa ya kutokana na matatizo makubwa unasema benzodiazepini zisitolewe kwa mutu mwenye dalili kali katika mwezi wa kwanza kisha tukio la kutisha, mukubwa ao mutoto, hata kama usingizi umekataa?

Juu mushituko wa trauma hautoke kwa kubonyezwa chini. Unatoka wakati ubongo unajifunza. Mama mwenye alipoteza mwana kwenye machimbo anasikia baruti leo, anashituka, kisha hakuna mutu anakuja kupiga hodi na habari mubaya. Kesho vilevile. Kesho kutwa vilevile. Polepole amigidala inapunguza kifungo, kwa sababu imeona yenyewe. Kama kila mara baruti inalia mama yule yuko chini ya kidonge, ubongo hauone. Dawa ikitoka mwilini, somo haliko. Na benzodiazepini zinajulikana kwa kufanya mutu asishike vizuri mambo mapya. Hospitali zinaitumia makusudi kwa ajili ya hiyo kabla ya kupasua mugonjwa.

Hili halikubaki mawazo tu. Barbara Rothbaum na wenzake, wa chuo kikuu cha Emory kule Atlanta, walifuata waaskari 156 wenye walirudia kutoka Irak na Afghanistan na trauma, na wakachapisha mwaka wa 2014. Waaskari walikuwa wanavaa miwani yenye inaonyesha vita kama vile iko kweli, ili wazoee polepole pamoja na mutu wa kuwasaidia. Kabla ya kila kipindi, wamoja walimeza alprazolamu, wengine dawa ingine, wengine kidonge kisicho na kitu. Miezi mitatu kisha matunzo, kati ya wa alprazolamu wengi zaidi walikuwa wangali na ugonjwa wa trauma, kupita wale wa kidonge tupu. Kidonge chenye kilipaswa kuwasaidia kuvumilia somo kiliharibu somo.

Hiyo haiseme Valium ni sumu. Mutoto mwenye anapigwa degedege hospitalini, diazepamu inaweza kumuokoa. Mugonjwa wa tetanosi, mulevi mwenye anaacha pombe na mwili unatetemeka vibaya, munganga ataitumia na atafanya vizuri. Tunasema tu juu ya ile mushituko wa kila siku, wenye umefika kisha jambo la kutisha.

Dawa zingine ziko. Zinaitwa dawa za kupandisha moyo, kama sertralini, paroksetini ao fluoksetini. OMS inazikubali kwa trauma wakati matunzo ya mazungumzo yameshindwa ao hayapatikane. Na hapo kuko jambo lenye linafaa kujulikana mapema. Grillon na wenzake walipima sitalopramu, ya jamaa ile, kwa watu wasio na ugonjwa: dozi moja iliongeza mushituko, lakini kisha juma mbili za kumeza kila siku, mushituko wa wasiwasi ulishuka. Kwa hiyo mutu mwenye munganga amemupa dawa ya namna hii, na siku ya tatu anajisikia anaruka-ruka zaidi, asiitupe chooni. Arudie kwa munganga, amueleze, na avumilie.

Wanawake wa Kivu

Mara nyingi ukisema «matunzo ya mazungumzo», watu wanacheka: huku hatuna wanganga wa akili, wale wachache wako Lubumbashi, kwenye kituo Joseph Guislain cha Mafrère de la Charité, na barabara ni kilometa karibu 300. Ni kweli. Lakini Kivu ilionyesha kitu.

Mwaka wa 2013, Judith Bass wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya Kivu, na wanawake 405 wenye walipatwa na jeuri ya ngono. Wasaidizi walikuwa wanamama wa Kongo, hapana wanganga, wenye walifundishwa kazi. Katika vijiji fulani walisaidia wanawake mmoja mmoja kama kawaida. Katika vijiji vingine walikutana katika kikundi, vipindi 11 pamoja na kimoja cha peke, na kujifunza kupima mawazo kama «ni kosa yangu» ao «hakuna pahali salama tena», katika luga zao. Miezi sita kisha kumaliza, kati ya wanawake 100 wa vikundi, 9 tu walikuwa wangali na dalili za huzuni kali ao wasiwasi mukali. Kwa wale wa musaada wa kawaida walikuwa 42. Kwa dalili za trauma, tofauti ilifanana. Hawakupima kope, na mambo ya wanawake hao hayako sawa na ya muchimbaji wa Mutoshi. Lakini haukukuwa mupango wa vidonge, na haukungojea daktari wa akili. Ninauliza kila mara kwa nini kwa ajali za machimbo yetu tunahesabu maiti, tunatoa sanduku, na hakuna mutu anarudia kuuliza wenye walitoka wazima wanalala namna gani.

Kama ungali ndani ya mwezi wa kwanza kisha tukio, kushituka, kuota mubaya na kukosa usingizi ni kawaida, na kwa wengi zinapungua zenyewe. Kitu chenye kinasaidia ni kutobaki peke yako, kula, kurudia kazi ndogo-ndogo, kulala saa zilezile, na kutokatishwa maneno ukitaka kusema, wala kulazimishwa ikiwa hautaki. Kama mwezi umepita, na ungali unaruka, unakwepa njia fulani ao watu fulani, unaota tukio lilelile, enda kwenye kituo cha afya ao hospitali ya jenerali na useme vile iko: «tangu siku ile, ninashituka». Sema mwenyewe, juu mara nyingi hawatakuuliza.

Na kwa yule mwenye amekwisha kumeza Valium kila siku kwa miezi: usiache kwa mara moja leo kisha kusoma hii. Mwili umezoea breki ya inje. Ukiiondoa gafula, wasiwasi unarudia na nguvu kupita mbele, usingizi unapotea, na wengine wanapigwa kifafa. Munganga atapunguza dozi kidogo-kidogo, juma kwa juma, kwa wengine miezi. Muonyeshe karton yenyewe, umuambie unakunywa ngapi kwa siku, na pombe ngapi, bila kuficha. Diazepamu inakaa mwilini masiku. Ukimeza mangaribi, asubui ingali iko. Dereva wa pikipiki, na mwenye anashuka shimoni, wakumbuke hiyo mbele ya kuanza kazi: kidonge chenye kinapunguza mushituko kinapunguza pia mwendo wa kukimbia udongo ukianza kuanguka.